Fungu la Mmoja

Sokoni Kadutu mapera huuzwa kwa fungu,
manne chini, la tano juu yake kama kofia.
Nikamwambia Mama Nsimire: nipe mawili.
Akanitazama kama niliyeomba kiatu cha mguu mmoja.
"Mawili, Papa Cikuru? Nani anaumwa kwako?"

Mvua ilikuwa inashuka na tope lake,
nikapata kisingizio cha kutojibu.
Akanifungia matatu kwa karatasi ya daftari,
hesabu za mtoto wa mtu, zote zimekosewa.
La tatu, alisema, ni la kupandia mlima.

Mimi ni fundi wa mizani.
Miaka thelathini na moja nanyoosha mikono ya chuma;
namjua anayegandisha sarafu chini ya sahani,
namjua anayepima maharagwe kwa kidole gumba.
Kilo ya kila mtu imepita mikononi mwangu.
Ila sukari ya kikombe kimoja,
hiyo sijawahi kuiona ikipimwa.

Nikampigia dada yangu Nabintu, Kamituga,
aliyetupikia sisi kumi na wanne
na alipoolewa akaniachia sufuria
ambayo ndama angeoga akageuka.
"Sukari kiasi gani?"
"Kiasi."
"Na maji?"
"Mpaka yafike."
"Yafike wapi?"
Akacheka, akacheka, mpaka uniti zangu zikaisha.

Basi nikaiacha sufuria kwenye msumari wake.
Nikachukua kikombe cha bati, kile cha bluu,
kilichobanduka mdomoni.
Umeme tangu Jumanne haujarudi.
Kwenye mbabula nikapanga makala manne:
kwa mtu mmoja manne yanatosha,
na hilo hakuna aliyenifundisha.

Nikamenya. La kwanza lilikuwa na mdudu,
nikamkatia sehemu yake, nikamtoa nje kwa heshima.
Mengine mawili, ndani,
waridi kama ufizi wa mtoto anayelia.
Mbegu nikazikwangua kwa kijiko, nyingi,
nyingi kuliko nyama, kama ukoo wetu.
Tangawizi, kipande cha ukubwa wa jino.
Sukari nikaimimina huku nimefumba macho,
mimi, fundi wa mizani,
na mkono ukasimama wenyewe mahali fulani.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Hapa haba ilibaki haba,
ikachemka,
ikafanya povu dogo pembeni,
ikaanza kunong'ona *plop*, ikanyamaza, *plop*,
kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Harufu haikujua kwamba ni ya mmoja.
Ilipita chini ya mlango, ikashuka ngazi za udongo,
ikaingia kwa watu bila kubisha,
na baada ya muda mlango wangu ukabishwa.
Asifiwe, mtoto wa jirani, kandambili mkononi,
tope mpaka magotini:
"Mama anauliza, nani anaumwa?"

Nikatazama kikombe.
Nikamtazama mtoto.
Nilijua wanachongoja wote wawili,
na lile neno la kawaida, karibu, uchukue kijiko,
lilikuwa tayari limekaa kwenye ulimi.

"Mwambie hakuna mgonjwa.
Mwambie Papa Cikuru anakula mapera."

Akaondoka mbio na habari yake,
habari nzito, naona, kwa miguu midogo.
Kesho nitawapelekea fungu zima, pamoja na kofia yake.
Leo nilivuta kiti kikaribie makala,
nikashika kikombe kwa pindo la shati
kwa sababu mkono wake ulikuwa wa moto,
nikala polepole, na tangawizi ilizidi,
na chini paliungua kidogo,
na hapo palipoungua ndipo palikuwa patamu,
nikapakwangua mpaka bati likalia.